Padri aliyechora nchi kubwa akaachiwa kipande

Najua nimepotea, na najua kuna waliokwisha kusema nimedisko. Sijadisko. Nipo chumbani, mvua inanyesha tangu asubuhi, boom limebaki la kula wali maharage tu, na kwa wiki tatu nimekuwa nikiishi na marehemu mmoja anayeitwa Barthélemy Boganda. Nimemsoma mpaka wenzangu wa chumbani wamemchoka. Leo zamu yenu.

Ilianzia kwenye semina ya historia. Mwalimu alikuja na bahasha yenye vikaratasi, akasema kila mmoja avute kimoja. Kila kikaratasi kina jina la mwanasiasa aliyetaka kujenga nchi ambayo haikuwahi kuzaliwa. Tueleze maisha yake, halafu tujibu swali moja: nchi ile ilikufa kwa kosa la nani? Mmoja akavuta Nkrumah, akaruka kwa furaha. Mwingine akavuta Mwalimu Nyerere na Shirikisho la Afrika Mashariki, huyo hata asiposoma hakosi la kusema. Mie nikavuta Boganda. Nikageuza kikaratasi nione kama nyuma kuna maelezo. Hamna. Mwenzangu mmoja wa chumbani, tunamwita Mama Sheria kwa sababu anasoma sheria na anabishana mpaka na pasi, akauliza kama huyo ni mpiga gitaa wa Kikongo. Sikumcheka, maana hata mie nilikuwa nimewaza hivyohivyo.

Basi tuanze mwanzo.

Boganda alizaliwa Bobangui, kijiji cha msituni katika eneo la Lobaye, kama kilomita 80 kutoka mji wa Bangui. Tarehe inayoandikwa ni 4 Aprili 1910. Siku hizo hapakuwa na kitu kinaitwa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Palikuwa na koloni la Ufaransa linaitwa Ubangi-Shari, yaani majina ya mito miwili, wakoloni hata jina hawakujihangaisha nalo. Mwaka huohuo wa 1910 Ufaransa ililifunga kapu moja na Gaboni, Kongo na Chadi, likaitwa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, makao makuu Brazzaville. Kwa hiyo huyu mtoto na lile shirikisho la wakoloni ni wa mwaka mmoja. Shikeni hilo, tutalirudia.

Koloni lenyewe lilikuwa linaendeshwaje? Ufaransa haikutaka kutoa hela yake mfukoni, ikagawa ardhi kwa makampuni. Kampuni inapewa eneo kubwa kama mkoa, na kila kilichomo ni chake, pamoja na mpira wa porini. Wanakijiji wanapangiwa kiasi cha kuleta. Asiyefikisha anachapwa, au mke wake anashikwa mpaka mume alete. Mwandishi Mfaransa André Gide alipita huko mwaka 1925 na 1926, akayaona, na kitabu chake cha mwaka 1927 kilizua kelele Paris. Mama yake Boganda hakusubiri kelele za Paris. Inasimuliwa kwamba walinzi wa kampuni walimpiga mpaka akafa kwa kutofikisha mpira, na ndivyo watu wa nchi yake wanavyomkumbuka. Nilisoma hiyo sehemu saa tano usiku, nikafunga kitabu, nikaenda kukaa nje kwenye ngazi. Mpaka leo sijui niiwekeje kwenye insha ya semina bila kuonekana nalialia.

Mtoto akabaki yatima. Doria ya jeshi la Kifaransa ikamwokota, akapelekwa kwa wamisionari Wakatoliki, na Desemba 1922 akabatizwa jina la Barthélemy. Akili alikuwa nayo. Wakamsomesha: Bangui, halafu seminari ya Kisantu huko Kongo ya Wabelgiji, halafu Brazzaville, halafu Yaoundé nchini Kamerun. Tarehe 17 Machi 1938 akapewa upadri, padri wa kwanza mzawa wa Ubangi-Shari.

Hapa ndo niliomba karatasi ya ramani kwa mtu wa jiografia. Nikatia nukta kwenye hizo shule zote, nikaunganisha kwa penseli. Halafu nikachora pembeni mipaka ya ile nchi aliyokuja kuitangaza miaka ishirini baadaye. Jamani, inafanana! Watu wanaandika kwamba wazo lake la nchi kubwa lilikuwa ndoto ya padri. Mie naona lilikuwa kumbukumbu ya mwanafunzi. Yule mtu alikuwa amelala mabwenini na vijana wa Kongo zote mbili na wa Kamerun, amekula nao, amefundishwa nao Kilatini kilekile. Ukimwambia hao ni wageni atakushangaa. Nyie mnaosoma hapa na kulala chumba kimoja na Mganda au Mkenya mnanielewa.

Siasa ilimkuta akiwa kazini. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, makoloni ya Ufaransa yaliruhusiwa kupeleka wabunge Paris. Askofu wake, Marcel Grandin, akamsukuma agombee, nadhani akiwaza kwamba kanisa litapata sauti ya upole bungeni. Tarehe 10 Novemba 1946 akachaguliwa. Akaingia Bunge la Ufaransa na kanzu yake ya upadri, mtoto wa yule mama wa mpira, akaanza kusema. Kazi za shokoa, ubaguzi, makampuni, bei ya pamba, watu kufungwa bila kesi. Wenyewe walidhani atasema mara moja mbili achoke. Akajiunga na chama kimoja cha Wakristo cha Kifaransa, akagundua wanamsikiliza kwa adabu na hakuna kinachofanyika, akaondoka.

Nyumbani akajaribu njia nyingine. Mwaka 1948 akaanzisha ushirika wa wakulima wa Lobaye, ili wauze mazao bila kupita kwa wafanyabiashara wa kizungu. Ushirika ulikufa kwa mahesabu mabovu, na hilo silifichi. Tarehe 28 Septemba 1949 akaanzisha chama, MESAN, cha maendeleo ya jamii ya Afrika nyeusi. Programu yake ilikuwa vitenzi vitano tu: kulisha, kuvisha, kuwapa watu makazi, kutibu, kuelimisha. Na juu ya vyote maneno matatu ya Kisango, lugha inayowaunganisha watu kule kama Kiswahili kinavyotuunganisha sisi: zo kwe zo. Zo ni mtu. Kwe ni wote. Kila mtu ni mtu. Ukiisoma juu juu unaweza kuona ni kauli ya kwenye fulana. Ila kumbuka anayesema ni nani, na mama yake alihesabiwa kwa kilo.

Wakati huohuo akapenda. Michelle Jourdain, Mfaransa, karani wa bunge kule Paris. Kanisa lilimsimamisha upadri mwishoni mwa 1949, na Juni 1950 wakafunga ndoa. Nilidhani hapo wananchi watamtupa, maana vijijini padri ni padri. Hawakumtupa. Januari 1951 palitokea ugomvi wa soko sehemu inaitwa Bokanga, kati ya watu wa ushirika na wafanyabiashara wa Kireno. Boganda akaingilia, akakamatwa kwa kuhatarisha amani, akahukumiwa kifungo cha miezi miwili. Mkewe naye akahukumiwa. Kwa serikali ya kikoloni hiyo ilikuwa njia ya kummaliza kabla ya uchaguzi wa Juni. Ikawa kinyume: akachaguliwa tena. Mama Sheria alipenda sana hapa, alisema hakuna kampeni nzuri kama hukumu mbaya. Nikamwambia aandike, akasema hapana, ni ya kuongea tu.

Kisa kinachonionyesha alikuwa mtu wa aina gani ni cha Berbérati. Tarehe 30 Aprili 1954, mpishi Mwafrika na mkewe walikutwa wamekufa, na mwajiri wao alikuwa Mzungu. Mji ukalipuka, mawe, watu wakaumizwa na kuuawa. Wakoloni, walewale waliomfunga miaka mitatu nyuma, wakamwita aje awatulize watu. Akaenda, akasimama mbele ya umati, akawaahidi kwamba haki itakuwa moja kwa mweusi na mweupe. Wakatawanyika. Fikiria uzito wa hiyo. Kesho yake gavana anajua kwamba hii nchi kuna mtu mmoja anaweza kuiwasha na kuizima kwa maneno. Tangu hapo wakaanza kumpigia magoti. Mwaka 1956 akawa meya wa Bangui. Machi 1957 MESAN ikazoa viti vyote vya Baraza la Ubangi-Shari. Juni 1957 akawa rais wa Baraza Kuu la Afrika ya Ikweta ya Kifaransa, kule Brazzaville.

Nisimpake asali. Katika miaka hiyo alipatana na walowezi waliokuwa maadui zake, mpaka mmoja wao, Roger Guérillot, akapewa kusimamia mpango wa kiuchumi wa kuongeza pamba na kahawa. Pamba ileile ambayo wakulima walikuwa wanalazimishwa kuilima tangu zamani! Mpango ukashindwa, na wakulima wakashangaa padri wao kageuka nini. Halafu chama chake kilikuwa yeye. Ukimtoa Boganda, MESAN inabaki bango. Hilo lilikuja kugharimu.

Sasa tuje kwenye nchi yenyewe.

Ili umwelewe lazima ufuate gunia la pamba. Ubangi-Shari haina bahari. Gunia linatoka Bangui, linashuka kwa mto mpaka Brazzaville, pale linapandishwa treni, kilomita zaidi ya 500, mpaka bandari ya Pointe-Noire. Hiyo reli ilijengwa kati ya 1921 na 1934 kwa kazi ya kulazimishwa, na maelfu kwa maelfu ya vibarua walikufa. Wengi walisombwa kutoka Ubangi-Shari na Chadi, wakapelekwa kufia kwenye milima ambayo hawajawahi kuisikia. Kwa hiyo hesabu ya Boganda ilikuwa nyepesi kabisa. Kama kila koloni litakuwa nchi peke yake, basi reli ambayo baba zetu wameifia itakuwa mali ya nchi nyingine, na sisi tutaomba ruhusa kupita. Kwangu mie hiyo si ndoto. Hiyo ni hesabu ya mtu wa dukani.

Mwaka 1956 Ufaransa ilipitisha sheria ya mageuzi iliyoyapa makoloni mabaraza yao ya serikali. Ilisifiwa sana. Boganda aliona ina sumu, kwa sababu madaraka yalipelekwa kwenye kila koloni peke yake, siyo Brazzaville kwenye shirikisho. Kuanzia 1957 kila koloni likawa na mawaziri wake, magari yake, wapambe wake. Ukishampa mtu kiti, kumwambia asimame ili tuweke benchi la wote ni kazi.

Agosti 1958 de Gaulle alipita Brazzaville kunadi katiba mpya. Ukisema ndiyo unabaki katika Jumuiya ya Wafaransa, ukisema hapana unaondoka na shauri yako. Boganda alimdai atamke kwamba hata atakayesema ndiyo anaweza kuchukua uhuru baadaye. Akalipata hilo. Tarehe 28 Septemba 1958 Ubangi-Shari ikapiga kura ya ndiyo, karibu wote. Gine ya Sékou Touré ikasema hapana, na Wafaransa wakafunga virago wakaondoka na mafaili na vifaa. Mama Sheria anasema hapa ndipo Boganda alipokosea. Angesema hapana, au angesaini kwanza makubaliano na majirani kabla ya kura. "Mkataba kwanza, harusi baadaye," ndo maneno yake. Tumebishana hilo siku mbili, mpaka jirani akagonga ukuta.

Baada ya kura akaitoa ramani yake mezani. Hatua ya kwanza, yale makoloni manne yawe nchi moja, na jina lake Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hatua ya pili, nchi hiyo iungane na Kamerun, Kongo ya Wabelgiji, Ruanda-Urundi, Angola na Gine ya Wahispania, iwe Muungano wa Madola ya Afrika ya Kilatini. Hilo jina la Kilatini silipendi, nasema wazi. Unaunganisha Waafrika kwa ukoo wa lugha za waliowatawala? Lakini yeye lugha hiyo ndiyo iliyomtoa msituni na kumkutanisha na wenzake wa Kisantu. Kila mtu anajenga kwa tofali alilo nalo.

Akatuma wajumbe. Gaboni ikakataa. Gaboni ilikuwa na mbao, manganizi, na mafuta yalikuwa yameanza kuuzwa nje mwaka 1957. Wanasiasa wake walikuwa wamechoka kuona kodi yao inakwenda Brazzaville kulisha maskini wa bara, wakina Ubangi-Shari. Kongo ilikuwa na ugomvi wake ndani, ikasitasita, mwisho ikajitangaza jamhuri. Chadi nayo. Mwisho wa Novemba 1958 kila mmoja alikuwa ameshachukua chake.

Tarehe 1 Desemba 1958 Boganda akasimama Bangui akatangaza Jamhuri ya Afrika ya Kati. Jina lile la nchi kubwa, likavalishwa Ubangi-Shari peke yake. Ni kama koti alilokatiwa baba, akavaa mtoto wa mwisho, mikono inaning'inia. Bendera aliibuni mwenyewe: bluu, nyeupe, kijani na njano zimelala, halafu mstari mwekundu umesimama katikati unazikata zote. Wapo wanaosoma kwamba zile rangi nne zilizolala ni yale makoloni manne na nyekundu ni kiungo. Niliipaka rangi kwenye daftari, nikaitazama. Mpaka leo inapepea Bangui, bendera ya nchi moja yenye nafasi za wenzake watatu. Maneno ya wimbo wa taifa pia ni yake. Kaulimbiu pia: umoja, heshima, kazi.

Februari 1959 katiba ikapita. Uchaguzi ukapangwa 5 Aprili. Jumapili ya Pasaka, tarehe 29 Machi 1959, akapanda ndege Berbérati, mji uleule wa 1954, arudi Bangui. Ndege haikufika. Mabaki yalipatikana eneo la Boda, huko huko magharibi, na hakuna aliyepona. Zilikuwa zimebaki siku sita atimize miaka 49. Mei mwaka ule gazeti la L'Express la Ufaransa liliandika kwamba mabaki yalikuwa na dalili za baruti, na toleo hilo likazuiwa lisiuzwe Bangui. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Watu wa nchi yake wengi wanaamini aliuawa. Lile shirikisho la Brazzaville, la mwaka mmoja na yeye, lilikuwa limetangulia kufa miezi minne nyuma.

Yaliyofuata nayapitisha haraka kwa sababu yananikera. Msaidizi wake mwenye uwezo, daktari Abel Goumba, alishika nafasi kwa muda, akapigwa chini, akaingia David Dacko. Uhuru ukaja 13 Agosti 1960. Goumba akawekwa ndani. MESAN, chama cha kila mtu ni mtu, kikafanywa chama pekee kinachoruhusiwa. Halafu usiku wa kuamkia 1966 jeshi likachukua nchi chini ya Jean-Bedel Bokassa.

Na hapa kuna jambo lilinifanya nisilale. Bokassa naye ni wa Bobangui. Kijiji kilekile, ukoo uleule. Baba yake naye aliuawa na wakoloni mwaka 1927, kwa mambo yaleyale ya makampuni na kazi za shokoa. Naye akalelewa na wamisionari. Watoto wawili wa kijiji kimoja, yatima wa kosa moja. Mmoja akatoka na zo kwe zo. Mwingine Desemba 1977 akajivika taji la mfalme mkuu, kwenye nchi isiyo na barabara. Nani ataniambia historia ina kanuni? Mwalimu wetu anapenda sana neno "mazingira". Mazingira yalikuwa mamoja.

Sasa swali la bahasha: kosa la nani? Nilikuwa nimeshaandika kwamba kosa ni la Ufaransa na ile sheria ya viti, pamoja na mafuta ya Gaboni. Rasimu imekwisha, kurasa nane. Halafu Jumapili nikampigia babu simu.

Babu yangu alikuwa karani Nairobi enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, iliyoundwa 1967. Nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, chakula mnapata huko? Nikamweleza habari ya padri na nchi yake ambayo haikuzaliwa. Akasikiliza kimya, nikadhani laini imekata. Halafu akasema, "Mimi hiyo nchi nimeishi ndani yake, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa Nairobi na sikuwa mgeni." Akanitajia reli moja, posta moja, bandari, ndege za East African Airways. Nyumba ya jirani kulia Mganda, kushoto Mluo, watoto hawajui tofauti. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka ukafungwa, akarudi nyumbani na sanduku moja la bati. Sanduku lenyewe nalijua, bibi anawekea khanga zake. Sikuwahi kuuliza limetoka wapi.

Nikamwuliza, babu, ilikufa kwa kosa la nani? Akacheka. Akasema wakubwa waligombana, hilo kila mtu analijua. "Lakini na sisi tulikaa tu. Siku inavunjwa, hakuna hata mtu mmoja aliyetoka barabarani kusema msivunje. Tulifunga mizigo." Akaniaga, akaniambia nisome.

Nimeifuta ile sehemu ya mwisho ya insha. Kwa sababu nimejiuliza: siku Gaboni inakataa, Novemba 1958, nani Bangui alijua? Nani Libreville, nani Pointe-Noire? Boganda aliweza kutuliza umati wa Berbérati kwa hotuba moja, ila ile ramani hakuipeleka kwenye umati. Aliipeleka kwa wajumbe, kwa barua, kwenye vikao vya wakubwa wenye viti vyao tayari. Mabaharia wa mtoni waliokuwa wanapanda na kushuka kati ya Bangui na Brazzaville kila wiki, wale ndo walikuwa wananchi wa hiyo nchi tayari, na hakuna aliyewauliza. Mwalimu Nyerere naye Juni 1960 alisema kule Addis Ababa kwamba Tanganyika iko tayari kuchelewesha uhuru wake ili tuungane na Kenya na Uganda. Tarehe 5 Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote wakatangaza Nairobi kwamba shirikisho litakuwepo kabla mwaka haujaisha. Halikuwepo. Niambieni bibi zenu waliulizwa.

Mama Sheria anasema hiyo si historia, ni lawama kwa marehemu. Inawezekana. Ila anakubali kitu kimoja, na huyo akikubali kitu muandike tarehe. Ukichukua ramani ya penseli niliyochora, ukaweka juu yake nchi za CEMAC zinazotumia faranga moja leo, yaani Kamerun, Chadi, Gaboni, Kongo, Gine ya Ikweta na Jamhuri ya Afrika ya Kati, unakuta karibu nusu ya ndoto ya padri ipo, na makao yake rasmi ni Bangui. Na vipande vingine vya ramani ileile, Rwanda na Burundi tangu 2007, na Kongo ya Kinshasa tangu 2022, viko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya yetu. Yaani tumeshaingia kwenye ramani ya Boganda kutokea upande wa pili na hatukuwa tunajua hata anaitwa nani.

Kurasa nane sasa ni kumi na moja, na mwalimu alisema zisizidi kumi. Sijui nikate wapi. Mama Sheria anataka nikate Bokassa. Mie nataka nikate pamba. Rafiki yangu wa Kifaransa aliyenisomea vitabu nisivyoviweza anasema nikigusa Berbérati hatanisomea tena.

Nawasilisha Alhamisi saa nane mchana. Wanaotaka kuja waje mapema, viti ni vichache. Ramani nitaibandika ukutani. Maswali ulizeni yote, ila la ndege msiniulize, ninachojua nimeshakisema.